Pikipiki inazima njiani injini ikishapata joto, ikipoa inawaka. Nianzie wapi kabla ya kununua CDI?

Msafiri150

Habari za saa hizi wakuu. Naomba msaada wenu wa kiufundi.

Pikipiki ni ya Kichina, injini ya CG cc 150 ya pushirodi, kabureta PZ27, moto wa CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche ya plagi). Asubuhi inapokea kiki ya kwanza au ya pili na sailensi (mngurumo wa injini bila kuvuta mafuta) imetulia. Ikitembea dakika 20 hadi 25 inazima ghafla, kama vile mtu kabonyeza swichi. Haikohoi, haipungui nguvu kwanza. Ukipiga kiki haitaki kabisa. Ukikaa kivulini dakika 10 au 15 inawaka vizuri, halafu ukitembea tena inarudia, na safari hii mapema zaidi.

Kilichofanyika mpaka sasa: plagi mpya (D8EA) na kabureta imesafishwa mara mbili. Fundi wa kwanza anasema CDI, wa pili koili, wa tatu anataka kufungua injini tupige ringi. Nani mwenye haki hapo?

FundiKona

Mkuu, kwa sasa hakuna mwenye haki kwa sababu hakuna aliyepima. Usinunue kitu. Ugonjwa wa kuzima na kupona wenyewe una tabia moja mbaya: ukiifikisha pikipiki kwa fundi imeshapoa na ushahidi umeondoka nao. Fundi anabaki kubahatisha, na anayelipia bahati hiyo ni wewe. Inabidi uukamate palepale barabarani, ndani ya dakika moja au mbili baada ya kuzima.

Beba vitu vitano: spana ya plagi, plagi ya pili ambayo una uhakika nayo, bisibisi, chupa ya plastiki ya nusu lita na multimita. Ile ya bei ya chini kabisa inatosha.

Ikizima, sogea pembeni mwa barabara na usipige kiki thelathini. Utalowesha plagi, na hapo hutajua tena kama ilizima kwa kukosa moto au imekataa kwa sababu ya mafuta uliyoyajaza mwenyewe.

Anza na moto. Vua kofia ya plagi, ichomeke kwenye plagi ya akiba, kisha ilaze plagi hiyo kwenye kichwa cha boliti ya injini iliyo wazi, isiyo na rangi wala kutu, mbali na kabureta. Acha ufunguo umewashwa, piga kiki. Cheche ya bluu inayolia "tak tak" maana yake moto upo. Nyembamba ya rangi ya chungwa ni moto dhaifu. Giza ni giza. Tahadhari moja: usipige kiki kofia ikiwa inaning'inia hewani bila plagi kugusa injini. Umeme ukikosa pa kutokea unatoboa koili au CDI kwa ndani, na hapo utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili.

Pili, mafuta. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa, legeza, koki ikiwa wazi. Usiridhike na yale ya mwanzo, hayo ni ya bakuli tu. Subiri dakika nzima uone kama tenki linaendelea kuleta. Pikipiki inayotembea kilomita 40 kwa lita, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, inakula lita 1.5 kwa saa, yaani mililita 25 kwa dakika. Mlimani na abiria wawili inakula mara mbili au tatu ya hapo. Kwa hiyo ukipata mililita 150 kwa dakika bila kukatika, mafuta hayana kesi. Kama yanaanza vizuri kisha yanageuka matone, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia tenki linavuta pumzi na mafuta yakarudi kwa kasi, tundu la hewa la mfuniko limeziba. Hili linatokea sana kwa wanaofunika tenki kwa nailoni au kava la ngozi kuzuia mvua.

Tatu, kompresheni. Isikilize kwa mguu kwenye kiki. Ikiwa laini kuliko ilivyokuwa asubuhi, kama vile plagi imetolewa, nenda kwenye tapeti (skrubu za kurekebisha nafasi ya valvu). Mafundi wengi wanazibana ili kuua kelele, na mteja anafurahi kwa sababu injini imenyamaza. Tapeti iliyobanwa hailii, lakini valvu haikai vizuri kwenye kiti chake, kompresheni inavuja, na ya ekzosi inaungua ukingo. Kwa CG125 ya Honda nafasi ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa, na injini hizi za Kichina zimetoka kwenye muundo huohuo. Pima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), usipime kwa sikio.

Hiyo ya kuzima ghafla bila kukohoa inanielekeza kwenye umeme. Ikikosa mafuta mara nyingi inakohoa, unavuta mkono wa mafuta haijibu, ndipo inakufa. Lakini hilo ni fununu tu. Pima.

Msafiri150

Asante sana mkuu. Nimejaribu leo mchana. Imezima baada ya dakika 22. Plagi ya akiba: giza kabisa, kiki sita. Mafuta yametoka kama mililita 200 kwa dakika, hayajakatika. Kiki nzito kama kawaida. Baada ya dakika 12 cheche ikarudi, ya bluu.

UmemeWaBoda

Basi ringi tumezitoa kwenye kesi, na kabureta pia. Umeokoa pesa ya kufungua injini bila sababu.

Sasa tufuate njia ya moto. Kwanza ujue CDI yako ni ya aina gani. Pikipiki ikiwa imezimwa, toa fyuzi ya betri, kisha piga kiki. Ikiwaka bila betri, CDI inalishwa moja kwa moja na koili iliyo ndani ya magneti (gurudumu lenye sumaku linalozunguka na injini). Isipowaka, huenda inategemea betri, na hapo ugonjwa unaweza kuwa betri chovu, fyuzi iliyolegea au swichi ya ufunguo. Ukishajua, izime na urudishe fyuzi. Usiitembeze bila betri, rektifaya na balbu zinaweza kuungua.

CG nyingi ni za aina ya kwanza. Rangi za nyaya zinazokutana kwenye CDI kwa kawaida ni hizi:

Nyeusi yenye mstari mwekundu inaleta umeme kutoka koili ya magneti. Bluu yenye mstari mweupe inatoka kwenye pikapu, ile koili ndogo inayoiambia CDI lini itoe moto. Nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzimia, inakwenda kwenye ufunguo na swichi ya usukani. Kijani ni ethi (inayoungana na bodi). Nyeusi yenye mstari wa njano inakwenda kwenye koili ya plagi.

Kama nyaya zimewahi kubadilishwa, rangi zitakudanganya. Fuata kila waya kwa mkono mpaka mwisho wake.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata multimita. Kwenye aina hii, injini inazimwa kwa kuipeleka nyeusi/nyeupe kwenye ethi. Kwa hiyo popote waya huo utakapogusa bodi, injini inakufa kama umeizima mwenyewe. Ikizima tena na kukosa moto, chomoa waya huo mmoja tu kwenye CDI na upige kiki. Moto ukirudi papo hapo, achana na CDI, koili na magneti. Ugonjwa uko kwenye ufunguo, swichi ya usukani au waya uliochubuka. Pa kwanza kutazama ni shingoni, pale nyaya zinapopita kati ya usukani na fremu. Kila unapokata kona zinasuguana, ganda linaisha taratibu. Fungua taa ya mbele, vuta mkungo wote nje, ukunje mbele ya macho yako sentimita kwa sentimita. Ukiona doa jeusi linalong'aa au nywele moja ya shaba imechomoza, ndipo penyewe. Kumbuka tu kwamba waya ukiwa umechomolewa ufunguo hauzimi injini. Funga koki, au ingiza gia ya juu, shika breki na uachie klachi taratibu.

Moto usiporudi, chukua multimita, pima ikiwa ya moto. Chomoa soketi ya CDI na upime upande wa nyaya, ncha moja kwenye kijani:

Bluu/nyeupe kwa kijani (pikapu): mara nyingi kati ya omu 100 na 250.
Nyeusi/nyekundu kwa kijani (koili ya kulisha): mamia ya omu, tuseme 200 hadi 500.
Koili ya plagi upande wa kuingilia: chini ya omu 1 au hapo karibu. Upande wa waya wa plagi, kofia ikiwa imetolewa: kilo-omu kadhaa.
Kofia ya plagi yenyewe: nyingi ni kilo-omu 5.

Namba hizi zinatofautiana kwa kiwanda, kwa hiyo usiiue koili kwa sababu imesoma 260. Linganisha asubuhi ikiwa baridi na mchana ikiwa imezima. Shaba inaongeza upinzani kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Pikapu iliyosoma 150 kwenye nyuzi 28 itasoma karibu 187 kwenye nyuzi 90, na hiyo ni afya. Ikiruka kutoka 150 kwenda alama ya "1" au "OL", waya umekatika kwa ndani na joto linautenganisha.

MamaSpana

Naongeza moja ambalo wengi hawalitazami. Kama pikipiki ni ya mkataba, ulizeni kama ina GPS. Vifaa vingi vya kufuatilia vina rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayokata moto, na nyaya zake zinaunganishwa kwa kusokotwa tu na kuzungushiwa selotepu nyeusi chini ya siti. Gundi ya selotepu inachoka baada ya muda, waya unalegea, rilei inatetemeka, pikipiki inazima. Alamu za wizi nazo vilevile.

Dalili yake ni tofauti kidogo na ya Msafiri150: inazima kwenye matuta na barabara mbovu zaidi kuliko kwenye lami, na haijali baridi wala joto. Washa injini ikiwa imesimama, kisha shikashika kila kiungo chini ya siti. Kile kitakachoizima ndicho hichohicho. Kiunganishwe upya kwa lehemu na mpira wa kunywea (unaobana ukipashwa joto). Ila kama kifaa ni cha mwenye pikipiki, mpigie yeye kwanza, aje aliyekifunga. Usikikate kimyakimya, utaharibu mkataba wako kwa jambo la nusu saa.

Kidete

Wakuu mimi yangu ni tofauti. Inazima nikiachia mafuta, hasa nikifika kwenye taa za barabarani. Nikishikilia mafuta haizimi. Joto halihusiki.

FundiKona

Kidete, yako ni sailensi na sababu zake ni chache. Jeti ndogo ya kabureta ina tundu la karibu milimita 0.38. Chembe moja ya vumbi la kutu inatosha kuliziba, na mafuta ya chupa za barabarani yanaleta hizo chembe kila siku. Itoe, itazame juani. Lazima uone duara kamili la mwanga, siyo nusu mwezi. Isafishe kwa unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme na upulizie hewa. Usitumie sindano wala waya wa brashi ya chuma, unapanua tundu na jeti haina dawa tena.

Kabla ya kufungua, rusha maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na manifoldi, sailensi ikiwa inaunguruma. Mngurumo ukibadilika, au povu likivutwa ndani, kuna hewa ya wizi. Oringi ya manifoldi ikikauka inakuwa bapa kama utepe. Badilisha oringi, usijaze siliko. Siliko inalainishwa na petroli, vipande vinaingia kwenye kabureta.

Ukimaliza, funga skrubu ya mchanganyiko mpaka iguse taratibu, usiikaze, ifungue mizunguko 2. Washa, subiri ipate joto, izungushe robo robo kutafuta mahali injini inapokwenda kasi na kutulia zaidi. Kisha shusha sailensi hadi mizunguko 1400 kwa dakika. Kuiweka chini sana kwa kutaka kubana mafuta ndiko kunakoiua kwenye taa.

Kidete

Na maji? Juzi mvua ilinyesha na ilizidi.

FundiKona

Maji ni mazito kuliko petroli, yanalala chini ya bakuli, hapohapo jeti zinapovuta. Mwaga bakuli kwenye chupa angavu, iache itulie dakika 2. Ukiona mstari au matone yanayotembea chini kama lulu, ni maji. Shusha tenki lote, usimwage ya kabureta peke yake. Mvua pia inaingia kwenye kofia ya plagi. Ukiikuta na unga wa kijani ndani, izungushe kinyume na saa itoke, kata milimita 5 za waya mpaka ufikie shaba safi, kisha irudishe kwa kuizungusha.

Msafiri150

Wakuu nimerudi na majibu.

Asubuhi ikiwa baridi: pikapu omu 156, koili ya kulisha 318, koili ya plagi kwa kuingilia 0.6.
Mchana baada ya kuzima: nimechomoa nyeusi/nyeupe, bado giza. Koili ya kulisha 385. Koili ya plagi haijabadilika. Pikapu inasoma "1". Nimeacha mita imeunganishwa: baada ya dakika 9 ikaruka kwenda 190, ikapotea, ikarudi tena, na dakika ya 13 ikakaa 182. Nimepiga kiki, ikawaka.

UmemeWaBoda

Umemkamata. Ni pikapu, na CDI yako ni nzima. Tazama hiyo 318 na 385: imepanda kama asilimia 21, ni joto halali. Pikapu imekatika.

Lakini kabla ya kununua, pima tena karibu na injini, kwenye soketi ya kwanza mkungo unapotoka kwenye kifuniko cha kushoto. Ikisoma vizuri hapo huku kwenye CDI ikiwa imekatika, ni pini ya soketi au waya wa kati, siyo pikapu.

Ikiwa ni pikapu kweli: iache injini ipoe, weka beseni chini kwa sababu oili inaweza kumwagika ukifungua kifuniko cha kushoto. Piga picha njia ya nyaya kabla ya kugusa. Boliti za kifuniko hazilingani urefu, zichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule. Sumaku itakishika kifuniko, kivute sawasawa, usikichokonoe kwa bisibisi kwenye uso wa gasketi.

Pikapu imefungwa kwa skrubu mbili ndogo. Itazame kwa karibu pale waya unapoungana na pini yake. Mara nyingi utaona lehemu imepasuka mduara mwembamba kama unywele kuzunguka pini. Ikipoa unagusana, ikipata joto unaachana. Unaweza kulehemu upya, lakini nyingi zinarudia kwa sababu ufa mwingine uko ndani ya plastiki. Bei ya pikapu ni ndogo, weka mpya, na uipime kabla ya kuifunga.

Usigeuze nyaya zake mbili. Ukizipishana, moto unatoka wakati usio wake, injini inarudisha kiki na kupiga mlio kwenye ekzosi. Nafasi kati ya pikapu na kile kinundu cha magneti iwe karibu nusu milimita, na ukizungusha magneti kwa mkono isiguse popote. Skrubu zipake gundi ya nyuzi (ile inayozuia skrubu kulegea). Ule mpira mdogo wa kupitishia waya urudi mahali pake, la sivyo oili itatoka hapo.

Msafiri150

Kwenye soketi ya injini ilisoma hivyohivyo, imekatika. Nimefungua. Ni kama ulivyoandika, ufa wa duara kwenye pini ya bluu/nyeupe. Pikapu mpya imesoma 161 ikiwa baridi. Gasketi mpya, oili nimeongeza. Jana imetembea saa 2 na nusu mfululizo na abiria, leo saa 3, haijazima. Ikiwa ya moto pikapu inasoma 196.

UmemeWaBoda

196 ni sawa kabisa. Bado mambo mawili. Injini iungurume dakika 2, izime, subiri dakika 3, kisha angalia oili kwa kijiti bila kukikaza, pikipiki ikiwa wima, siyo kwenye stendi ya pembeni. Na ile soketi ya CDI uliyoichomoa mara nyingi, ichungulie pini zake. Iliyopanuka ibane kidogo kwa koleo ndogo kabla hujairudisha.